Rage Against the Machine, albamu ya kwanza (1992): isikilize yote, tena kwa mpangilio wake

Wengi hapa Mombasa wanaijua albamu hii ya bendi ya roki ya Marekani kwa wimbo mmoja, "Killing in the Name", na wimbo wenyewe wanaujua kwa matusi ya mwishoni. Hiyo ni hasara. Kuna nyimbo 10 humu, karibu dakika 53, na kinachozibeba ni subira kuliko kelele. Bendi hii inajua kunyamaza, ndiyo maana ikipasuka unaisikia kifuani.

Tuanze na wimbo huohuo. Waya mnene wa gitaa umelegezwa kutoka noti ya E hadi D, na hapo ndipo rifu, kile kipande kifupi kinachorudiwarudiwa, inapopata uzito wake. Maneno ni machache mno: baadhi ya wenye sare za polisi wanawekwa kapu moja na wachoma misalaba wa Ku Klux Klan, kundi la Wamarekani weupe wabaguzi, kisha mistari inarudiwa. Sehemu ya mwisho mwimbaji Zack de la Rocha anaianza kwa sauti ya chini, gitaa likiwa jembamba, halafu kila marudio yanapanda ngazi hadi anapiga mayowe. Ukirusha mbele kutafuta tusi, umeukata wimbo miguu. Mwaka ule wa 1992 ndio Los Angeles iliwaka moto baada ya polisi waliompiga Rodney King, Mmarekani mweusi, kuachiliwa mahakamani. Hasira hii ina anwani.

Kwenye jalada wameandika kwamba hawakutumia sampuli (vipande vilivyokatwa kutoka rekodi nyingine), kinanda wala sinthesaiza, mashine ya kuunda sauti kwa umeme. Kwa sikio lililozoea taarabu ya siku hizi, ambayo kinanda ndicho kinachoshika kila kitu, habari hiyo si ndogo. Ile milio kama ya didjei anayekwaruza sahani ni gitaa la Tom Morello, ambaye baba yake ni Mkenya. Mwanzo wa "Know Your Enemy" anacheza na swichi ya pikapu, vile vifaa vya gitaa vinavyonasa mlio wa waya: moja imezimwa sauti kabisa, nyingine imefunguliwa yote, kisha anaigonga swichi huku na huku kwa mdundo, noti inakatika na kurudi. Ukiwa na gitaa la pikapu mbili lenye kitufe cha sauti kwa kila moja, unaweza kulijaribu leo nyumbani. Lenye kitufe kimoja kwa zote halitakubali. Solo ya "Killing in the Name" ni pedali ya Whammy, inayorusha noti juu oktava mbili anapoikanyaga.

Sasa vyombo vya kusikilizia, maana hapa ndipo watu wengi wanapoiharibu. Spika ya simu inalifuta gitaa la besi la Tim Commerford, na bila hilo "Take the Power Back" haina mlango wa kuingilia, kwa sababu inafunguliwa na besi yake ya kuchapwa kwa dole gumba. Kosa la pili ni kinyume chake: wufa, spika ya sauti nzito, iliyosukumwa hadi mwisho kama kwenye matatu za Bamburi. Besi na drum ya mguu ya Brad Wilk zinavimba na kuwa kitu kimoja, wakati mchanganyiko wa fundi wa sauti Andy Wallace umempa kila mmoja nafasi yake. Zima nyongeza ya besi, acha ekwalaiza katikati. Chumba kikivuma, punguza kidogo tu chini ya hezi 100.

Rekodi ya awali haikubanwa ili iwe na kelele muda wote kama za siku hizi, kwa hivyo itasikika ya chini ukiiweka baada ya wimbo mpya. Ongeza sauti kwa mkono, usiwashe kile kipengele cha programu kinacholazimisha kila wimbo upige kelele sawa. Faili za MP3 za kilobiti 128 zinazopitishwa kwa flashi ziepuke, matoazi yanageuka mchanga. Na pangaboi likizunguka, vipande vya chini vya "Settle for Nothing" vinamezwa vyote; vaa hedifoni za kufunika sikio.

Ina udhaifu. "Fistful of Steel" inajivuta, na kufikia hapo kanuni ya rifu, utulivu, solo na mayowe umeshaizoea. Sauti ya Zack nayo haina rangi nyingi. Lawama kwamba wanailaani mitambo ya pesa huku wakitolewa na Epic, kampuni ya Sony, ni ya haki kuulizwa, lakini mimi naona mkataba huo haukulainisha hata mstari mmoja.

Anayependa Ukoo Flani Mau Mau, kundi la hip-hop la Kenya, atajikuta nyumbani haraka: kuchana (kurap) moja kwa moja, bila mafumbo ya taarabu. "Township Rebellion" inaiweka Johannesburg sambamba na South Central ya Los Angeles, na wakati ule Afrika Kusini ilikuwa bado miaka miwili kabla ya kura ya 1994, ya kwanza kwa watu wa rangi zote. "Wake Up" inawataja Malcolm X na Martin Luther King, watetezi wa haki za Weusi wa Marekani, na jinsi FBI, shirika la upelelezi la huko, ilivyowaandama. Nauhesabu bora kuliko zote, na wengine wataukumbuka mwishoni mwa filamu ya The Matrix.

Jalada ni ile picha ya mpiga picha Malcolm Browne ya mtawa Thích Quảng Đức akijichoma moto Saigon, Vietnam Kusini, tarehe 11 Juni 1963, kupinga serikali iliyowaonea Wabudha. Kwenye kioo cha simu inakuwa kidoa tu. Ifungue iwe kubwa, uone alivyokaa wima.

Usiiweke barazani wazee wakiwepo, matusi ni mengi na ni wazi. Mgeni kabisa aanze na "Bullet in the Head", asubiri mgeuko wa nusu ya pili, kisha arudi kwenye "Bombtrack" na kwenda mpaka "Freedom" bila kuchanganya mpangilio.