CV moja kwa kazi zote, au CV kwa kila tangazo?

CV moja ina faida ya kweli: tangazo likitoka leo na mwisho ni kesho, unatuma. Ila anayeipokea inabidi ajitafutie mwenyewe kinachomhusu, na mwenye rundo la maombi mezani hana muda huo.

CV inayorekebishwa inaweza kukuchukua saa nzima, pengine zaidi. Tuseme mwombaji ni mhasibu. Kwa SACCOS, juu kabisa aweke ufuatiliaji wa mikopo na marejesho ya wanachama. Kwa shirika linaloendeshwa kwa fedha za wafadhili, zipande juu bajeti na ripoti za matumizi ya mradi. Mikopo ibaki mstari mmoja chini. Tangazo likisema "usuluhishi wa benki" (kulinganisha vitabu vya hesabu na taarifa ya benki), naye aandike hivyohivyo, kama kweli ameifanya kazi hiyo. Uzoefu ni uleule, kilichobadilika ni mpangilio.

Kwa ajira za serikali Tanzania, kupitia Ajira Portal, tofauti hupungua, maana taarifa zako zimeshajazwa kwenye mfumo. Hapo nguvu iende kwenye barua ya maombi. Kwingine nachagua CV inayorekebishwa, hata kama nitatuma maombi machache.