Kabla hujalipia programu ya Kichina, jaribu kama inasikia toni zako

Malalamiko yanayonifikia kuhusu programu za kujifunza Kichina yanafanana mno. Mtu amelipia mwaka mzima, amemaliza ngazi ya kwanza na ya pili, simu inampongeza kila jioni. Siku anayofika Guangzhou, au anapokutana na fundi wa Kichina kwenye mradi huku nyumbani, anafungua mdomo na hakuna anayemwelewa. Wengi wenu mnaniandikia mkidhani kichwa chenu ni kizito. Si kichwa. Programu mliyonunua haikuwahi kusikia toni zenu, na aliyewauzia hakuwaambia.

Kwa hiyo leo sitagusa muonekano wa programu, wingi wa masomo wala nyota za Play Store. Nitazungumzia toni, yaani kule kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno.

Kichina sanifu kina toni nne, pamoja na sauti hafifu isiyohesabiwa. Mǎi, sauti ikizama chini, ni kununua. Mài, sauti ikiporomoka kutoka juu, ni kuuza. Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo hakuna maneno anayoyahitaji mapema kuliko hayo mawili, na kinachoyatenganisha ni toni tu. Kumi ni shí, nne ni sì. Lakini kusini mwa China, Guangzhou ikiwemo, watu wengi hawatofautishi sh na s wanapoongea, kwa hiyo hapo shí na sì vinabaki kutofautiana kwa toni. Dukani mtaonyeshana kikokotoo. Je, ukipokea ujumbe wa sauti kwenye WeChat, programu ya ujumbe wanayoitumia Wachina, kuhusu bei ya mzigo?

Sisi tuna kazi ya ziada, maana Kiswahili hakina toni. Tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na tunaubeba mkazo huo hadi kwenye Kichina bila kujijua. Aliyekulia kwenye Kichaga au Kihaya, lugha ambazo toni zimo, ana sikio lililokwisha kuzoezwa, alitumie.

Sasa kasoro yenyewe. Karibu kila programu ina alama ya maikrofoni na ahadi kwamba itakusahihisha matamshi. Mara nyingi kinachofanyika ni kwamba sauti yako inageuzwa kuwa maandishi, kisha maandishi yanalinganishwa na jibu. Mtambo wa kugeuza sauti kuwa maandishi umetengenezwa ili ukisie: unatazama sentensi yote na kuchagua neno linaloelekea kukaa hapo. Ukisema "wo yao mai zhege", nataka kununua hiki, hata toni zikiwa ovyo, mtambo unaweza kuandika kununua kwa sababu ndilo neno linalotarajiwa. Unapata tiki ya kijani, unaendelea, na kosa linakomaa mdomoni. Binadamu naye hukisia, ila toni zikiharibika sentensi nzima anakosa pa kushika.

Jaribio ni rahisi na halina gharama. Ukiwa bado kwenye masomo ya bure, tafuta zoezi la neno moja, usitumie sentensi. Inapokutaka useme mǎi, sema mài kwa makusudi. Ikikukubalia, usiilipie kwa sababu ya maikrofoni yake, hata tangazo lao liseme nini. Kisha angalia kama somo la salamu linaeleza kwamba toni ya tatu mbili zikifuatana, ya kwanza hubadilika kuwa ya pili: inaandikwa nǐ hǎo, inatamkwa ní hǎo. Kozi inayoliruka hilo mwanzoni imeandaliwa na mtu asiyejali utasikikaje.

Kwangu ya kwanza ni Pleco, na sifichi kwamba naipendelea. Ni kamusi, wala haijiiti mwalimu. Imekuwepo tangu mwaka 2000, enzi za vile vikompyuta vya mkononi vya Palm. Kamusi yake ya msingi ni bure na inafanya kazi bila bando. Nyongeza kama kusoma maandishi ya Kichina kwa kamera unainunua mara moja, basi, hakuna anayekukata tena mwakani. Maneno yanapakwa rangi kulingana na toni, na unaweza kuweka sauti za watu halisi, mwanamume na mwanamke. Haijidai kukusahihisha, na hapo ndipo inaponiteka moyo: sikiliza neno, jirekodi kwa kinasa sauti cha simu, cheza sauti zote mbili mfululizo. Utaisikia tofauti mwenyewe, na sikio hilo ndilo utakalokwenda nalo Guangzhou. Maelezo yake ni kwa Kiingereza, jambo linaloniudhi kwa niaba ya wengi wenu, lakini Kiingereza ndicho utakachopitia katika programu nyingi za Kichina.

Ya pili, HelloChinese, kwa anayetaka masomo yaliyopangwa. Inaanza na pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini, na toni kabla ya kukumiminia maneno, na sehemu ya mwanzo ni bure. Maliza hiyo ya bure yote kabla ya kufikiria kulipa. Du Chinese inafuata, ila ni ya baadaye, ukishakuwa na maneno ya kutosha kusoma hadithi fupi huku ukisikiliza msomaji. Skritter ni ya wanaotaka kuandika herufi kwa mkono. Mfanyabiashara haihitaji sana, ingawa naiheshimu kwa sababu inaweza kukutaka uchore toni kwa kidole. Duolingo naiweka mwisho. Inajenga mazoea ya kusoma kila siku, lakini sehemu kubwa ya majibu ni kugusa maneno yaliyokwisha pangwa kwenye kioo, mdomo umefungwa.

Za bure: AnkiDroid, kwa kadi za kukariri. Kwenye iPhone Anki hiyo hiyo inauzwa takriban dola 25.

Hapa lazima niseme la moyoni kuhusu matangazo. Wanakuuzia "HSK", mtihani rasmi wa Kichina kwa wageni, kana kwamba ni cheti cha kuongea. HSK ya ngazi za mwanzo inapima kusikiliza na kusoma. Kuongea kuna mtihani wake tofauti, HSKK. Halafu bei. Programu moja niliyokuwa nikiitumia ilinionyesha saa ikihesabu kurudi nyuma, punguzo linakwisha usiku ule ule, na kesho yake saa ile ile ikaanza upya. Huo ni ulaghai, na unamlenga mtu anayelipa kwa dola huku kipato chake ni shilingi. Msikubali kuharakishwa. Na mkumbuke kwamba kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo: usajili unausitisha ndani ya akaunti yako ya Google au Apple, kabla kipindi cha majaribio hakijaisha. Wale wa kwenye magrupu ya WhatsApp wanaouza "premium ya maisha" nao waacheni. Mnapewa akaunti ya mtu mwingine au faili isiyojulikana imetoka wapi, ikizimwa hamna wa kumdai.

Kwa wanaosafiri kwenda maonyesho ya biashara ya Canton, kule Guangzhou, ya Aprili au Oktoba: pakueni kila kitu mkiwa bado nyumbani, pamoja na faili za sauti. China bara Play Store haifunguki kwa intaneti ya kawaida, WhatsApp imezuiwa, na Google ilifunga huduma yake ya kutafsiri huko mwaka 2022. WeChat ifungueni wiki kadhaa kabla ya safari, kwa sababu wakati wa kujisajili inaweza kudai mtu mwenye akaunti ya siku nyingi akuthibitishe, na kumtafuta mtu huyo ukiwa tayari Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, ni taabu.