Hita mbili za wati 200 badala ya moja ya wati 500: uzoefu wangu

Tangi langu la samaki lina urefu wa sentimita 150, upana 50 na kimo 50. Kwa hesabu ya darasani hizo ni lita 375, na ndiyo namba niliyokuwa naitaja kila nikiulizia hita ya kupasha maji. Siku niliyolijaza upya kwa ndoo ya lita 20 ndipo nilipojua: ndoo 16 tu, maji yakafika juu. Mchanga, mawe na lile gogo vilishakula nafasi iliyobaki. Kwa hiyo maji ninayoyapasha ni lita 320 hivi.

Hita ya kwanza ilikuwa ya wati 150, niliihamisha kutoka tangi dogo. Usiku wa msimu wa baridi chumba changu hushuka hadi nyuzi 19, na hawa diskasi wangu, samaki wa maji ya joto, wanataka 28. Ile hita haikuzima taa hata mara moja. Inawaka usiku kucha, mchana kutwa, na maji yamegota kwenye 24. Samaki wakawa weusiweusi, wakajibanza kona moja, kisha vikatokea vidoa vyeupe kama chembe za chumvi kwenye mapezi. Ugonjwa ule unaletwa na kimelea, si baridi yenyewe, lakini samaki aliyepoa hana nguvu ya kupambana nacho.

Nikakimbilia upande wa pili: moja ya wati 500. Nilijiambia nguvu ikizidi hakuna shida, si itajizima yenyewe? Na kweli, kwa miezi kadhaa ilijizima. Asubuhi moja nikakuta samaki wote wako juu, midomo inapasua maji, wanatweta. Kipimajoto kinasoma 34. Nikazungusha kitufe hadi namba ya chini kabisa, taa nyekundu bado inawaka. Nikaigonga kwa ukucha. Ikalia tik, taa ikazima. Kumbe vile vibati vya ndani, vinavyogusana ili umeme upite na kuachana maji yakishapata joto, vilikuwa vimegandana. Nikachomoa plagi, nikaongeza pampu ya hewa kwa sababu maji yakizidi joto hubeba oksijeni kidogo, nikaacha yapoe yenyewe taratibu. Wawili hawakufika jioni.

Hapo ndipo nilipokaa na kalamu, jambo nililopaswa kulifanya mwanzo. Kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunataka kilojuli 4.2 hivi. Lita 320 basi zinataka kama kilojuli 1,340. Wati 500 inazitoa kwa dakika 45, tukiacha joto linalopotea. Wati 200 inahitaji karibu saa mbili. Na joto hupotea kweli, hasa kwa mvuke unaotoka juu, kwa hiyo hita ya wati 200 ikigoma kuzima usiku wa baridi, sehemu kubwa ya nguvu yake inaishia kufidia kinachopotea. Maji yakipanda, yatapanda polepole, na utaamka kabla hayajapika mtu. Ile ya 500 haikunipa nafasi hiyo.

Kwa hiyo sasa ni mbili za wati 200, moja kila upande wa tangi, na huu ni mwaka wa pili. Moja iko karibu na mdomo wa filta, nyingine nimeilaza chini upande wa pili ambako zamani maji yalikuwa yanapoa. Nilifanya jaribio: usiku mmoja nilichomoa moja makusudi. Asubuhi maji yalikuwa 26.5. Diskasi hawakufurahi, ila hakuna aliyeumwa. Hilo tu lilinitosha kuona kwamba pesa haikupotea.

Ile kanuni ya wati moja kwa kila lita utaisikia kila mahali. Kwa tangi dogo ni sawa. Tangi likikua mara mbili kila upande, maji yanaongezeka mara nane na eneo la kupotezea joto mara nne tu, kwa hiyo tangi kubwa hutunza joto vizuri zaidi. Mimi naangalia pengo: chumba kinashuka hadi ngapi, samaki wanataka ngapi. Pengo langu ni nyuzi 9, ndiyo maana nina wati 400. Ningekuwa na pengo la nyuzi 5, mbili za wati 100 zingetosha kwa maji haya haya. Na funika tangi! Nilipoweka mfuniko wa kioo, taa za hita zilianza kupumzika kwa muda mrefu ambao sikuwahi kuuona.

Malalamiko ninayo. Namba za kwenye kitufe ni za kubahatisha: moja nimeiweka 28 na inatoa 28, pacha wake lazima uivute hadi 30 ndipo ifike hapo hapo. Usipokuwa na kipimajoto cha pembeni, moja itafanya kazi yote na nyingine italala. Ndipo nikaongeza kidhibiti cha nje, kifaa cha kuwasha na kuzima hita, chenye sensa yake ya kupima joto majini, nikakiweka 28, na hita zenyewe nikazipandisha kidogo juu ya hapo ili ziwe breki ya pili. Angalizo: sensa ikichomoka majini inasoma hewa ya chumba, na kidhibiti kitaamini kuna baridi. Ifunge vizuri kwa kibanio.

Kabla ya kubadilisha maji nachomoa zote mbili na kusubiri nusu saa, maana kioo cha moto kikikutana na hewa, kisha maji baridi, kinapasuka. Nyaya ni fupi kwa tangi la urefu huu, imenibidi kutumia soketi mbili tofauti. Na vile vikombe vya mpira vya kunata kwenye kioo viliachia ndani ya miezi sita. Hita ya kushoto sasa imeegemea jiwe.