Uzoefu wangu: darasa la jazi la watoto hapa New Orleans, dogo wangu kafunguka

Wazazi wenzangu mlioko huku New Orleans, nimeulizwa na watu watatu kanisani kuhusu lile darasa la jazi la Jumamosi kwahiyo naandika mara moja wote msome. Mwanangu ana miaka 8, tumetoka Morogoro mwaka juzi, kiingereza kilikuwa cha kusuasua, mwalimu wa shule akaniita akaniambia mtoto haongei kabisa. Iliniuma jamani, maana kule nyumbani huyu ndo alikuwa anaongoza mchakamchaka.

Mimi nikisikia jazi nilikuwa nawaza Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na zile kanda za babu za OK Jazz, bendi ya Kongo, nimekuja kujua huku kwamba ni mziki mwingine japo asili inakutana. Wiki ya pili waliwapeleka Congo Square, uwanja uliopo ndani ya bustani yenye jina la Louis Armstrong, yule mpiga tarumbeta maarufu wa jazi, wakaelezwa kwamba watumwa walikuwa wanakusanyika pale Jumapili wanapiga ngoma na kucheza. Dogo karudi ananiambia mama, kumbe ngoma zilifika huku kabla yetu. Na ile stori ya Armstrong, kwamba kazaliwa hapa hapa 1901 kwenye umaskini mkubwa na kupuliza kafundishwa akiwa kwenye nyumba ya watoto waliokamatwa na polisi, ameirudia mpaka jirani anaijua.

Darasa ni saa moja na nusu, mwezi wa kwanza hakuna kusoma noti za muziki kabisa. Mwalimu anaimba kipande kifupi watoto wanaitikia, hapo dogo akajiona yupo kwao. Halafu mtoto anapewa sauti tatu tu, atunge anachotaka kwa hizo tatu, na akikosea mwalimu hamkatishi, anamwambia hebu irudie hiyo hiyo, wenzie wanaidaka wanapiga naye, yaani lile kosa linageuka kuwa wimbo wa darasa zima.

Ila kilichonigusa ni kupokezana. Bluzi, ule muziki wa watu weusi wa huku ambao jazi imeuchota sana, mzunguko wake wa kawaida una vipande 12, kila kipande unahesabu nne, sasa mtoto mmoja anapiga vinne anamwachia mwenzie vinne, na anayepokea lazima aanzie pale alipoishia mwenzie, kwahiyo kama hukusikiliza huna cha kupiga. Wengine wote wanashusha sauti mtu akiwa kwenye solo, yaani zamu yake ya kupiga. Wiki ya sita nilikuwa nimekaa nyuma, zamu ya dogo ikafika akaganda, tarumbeta mdomoni, hatoi kitu. Kabinti kanakopiga dramu kakawa kanamwangalia usoni huku kanagonga taratibu, kakazungusha mzunguko mzima mwingine kanamsubiri, na hakuna mtoto aliyecheka. Dogo akatoa sauti moja ndefu, halafu ile ile tena kwa mkato mkato. Nilitoka nje nikalia. Leo hako kabinti ndo rafiki yake, na kiingereza kimekuja kupitia huko.

Mapungufu yapo na nayasema. Dola 180 kwa wiki 10 si hela ndogo kwetu, halafu watoto 16 tarumbeta nne, wiki mbili za mwanzo wangu alikuwa anapiga makofi tu. Mara moja walibadilisha muda bila kutuambia tukakuta mlango umefungwa, nilikasirika sana siku hiyo. Na kama unataka mtoto ajue nyimbo za kwenye kitabu haraka haraka, hapa utachoka.

Kwangu mimi nimeridhika kabisa. Juzi tunakula ugali dada yake anasimulia mambo ya shule, dogo kanyamaza mpaka akamaliza, halafu akaanza na lile neno lake la mwisho, akagonga meza mara nne na kijiko, akaendelea na yake. Muhula ujao tumeshajiandikisha, na huyo dada mtu naye anataka besi.