Swichi za kuanzishia Outlook: uzoefu wangu katika ofisi ya forodha Tanga

Ofisi yetu ya uwakala wa forodha ipo Chumbageni, na kazi karibu yote inapita kwenye barua pepe: hati za shehena, ankara, maswali ya wenye mizigo. Outlook, programu yetu ya barua pepe, ikigoma asubuhi, mteja anasubiri huku gharama za kontena bandarini zikipanda. Ndiyo maana nazithamini sana swichi, yale maneno mafupi yanayoandikwa baada ya outlook.exe, jina la faili linaloanzisha Outlook, yakianza na mkwaju (/). Ninayoizungumzia ni Outlook ya zamani ya Windows, ile inayosakinishwa pamoja na Excel na Word.

Iliyonifaa kuliko zote ni /profile, inayofungua Outlook kwa profaili unayoitaja, yaani seti ya akaunti za barua na mipangilio yake. Tunashughulikia barua za kampuni mbili, mmoja msafirishaji wa mkonge, mwingine mwagizaji wa vipuri, na barua za huku hazitakiwi kuonekana kule. Nilitengeneza aikoni mbili kwenye uso wa kompyuta. Kila moja niliibofya kwa kitufe cha kulia cha mausi, nikafungua sifa zake, na kwenye mstari wa Target nikaenda mwisho kabisa, nje ya alama za kunukuu zinazofunga njia ya programu, nikaacha nafasi, nikaandika /profile "Mkonge Mauzo". Ile nafasi ni lazima. Jina la profaili lenye maneno mawili nalo lifungwe kwa alama za kunukuu. Kasoro ni kwamba Outlook haifungui profaili mbili kwa pamoja, kwa hiyo unafunga moja ndipo ufungue nyingine. Kwetu hilo linachosha siku za meli.

Ukitaka kuulizwa kila mara uingie profaili ipi, ongeza s: /profiles.

Halafu kuna /safe. Kompyuta ya mzee wetu wa hesabu ilianza tabia ya kuonyesha nembo ya Outlook kisha kuzima. Akaniuliza kwa sauti ya wasiwasi, "Mwanangu, barua zangu ndiyo zimekwenda?" Nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika outlook.exe /safe. Ikafunguka, barua zote zipo. "Zipo, mzee, hakuna iliyopotea." Swichi hii huanzisha Outlook bila programu jalizi (add-ins), yaani vile viprogramu vya ziada vinavyopachikwa ndani yake, kwa hiyo ikifunguka hivyo na kugoma kawaida, shaka ya kwanza iwe huko. Tulizizima zote, tukarudisha moja moja, na mkorofi akajulikana: kijalizi cha mikutano ambacho mzee hata hakitumii. Hapo hatukumwita fundi, wala hatukusakinisha upya chochote.

/cleanreminders husafisha vikumbusho na kuviunda upya, dawa nzuri kwa vile vinavyojitokeza hata baada ya kuvifuta. Kwa /resetnavpane naomba uangalifu: hujenga upya kidirisha cha upande wa kushoto, na folda ulizoziweka kwenye vipendwa zinaondoka. Ziandike pembeni kwanza.

Dada wa mapokezi yeye anaipenda /a. Aikoni yake ina outlook.exe /a "D:\Ripoti\mizigo.xlsx", akiibofya jioni, barua mpya inafunguka na faili limeshaambatishwa, kilichobaki ni anwani na salamu. Sharti lake ni jina la faili lisibadilike, hivyo ripoti ya leo inahifadhiwa juu ya ile ya jana, na nakala zenye tarehe zinakaa folda nyingine.