Makka: kulala minarani au Aziziyah?

Kila msimu wa Hija swali hurudi: kulala kwenye minara ya hoteli ya Abraj Al Bait, mlangoni mwa Masjidul Haram, au kukaa mtaa wa Aziziyah, kilomita kadhaa kutoka hapo?

Kwa ukaribu, minara haina mpinzani. Mama mwenye magoti mabovu anashuka kwa lifti, anavuka uwanja wa marumaru, tayari yuko kwenye safu. Ila wakati wa swala ukikaribia lifti hujaa, na aliyechelewa kutoka chumbani husikia iqama, wito wa kuanza swala, akiwa bado anasubiri. Ukikaa Aziziyah utategemea basi au teksi. Lakini siku za Mina mambo hugeuka: Jamarat, kwenye nguzo za kupigwa mawe, unaweza kwenda kwa miguu.

Bei? Aziziyah ni nafuu kwa mbali.

Linaloniuma ni historia. Mwaka 2002 ngome ya Ajyad, iliyojengwa na Waothmani karne ya 18, ilibomolewa pamoja na kilima chake kupisha minara hii. Sasa jengo la saa, mita 601, linaifunika Kaaba kwa kimo, na mwenye ihramu huliona kabla hajaiona Nyumba yenyewe. Hata hivyo umati ule lazima ulale mahali, na Aziziyah nako ni maghorofa tu.

Ukiwa na mzazi asiyeweza kutembea, lipia minara. Wenye miguu mizima na akiba ndogo, Aziziyah inawatosha.