Ndevu nyeupe kwenye bampa: nta ipi ya kopo ununue

Gari langu ni X-Trail ya 2004, rangi ya damu ya mzee, na kuanzia bampa ya mbele hadi ya nyuma limezungushiwa plastiki nyeusi isiyopakwa rangi. Mwezi Juni niliingia duka moja Kariakoo nikauziwa kopo la nta kwa shilingi 18,000. Muuzaji aliapa: "Dada yangu, hii orijino, kanauba tupu, asilimia mia." Jumapili nikapaka, nikafuta, bodi ikang'aa kweli, picha nikaitupia WhatsApp. Jumatatu asubuhi mlinzi wa ofisini akaniuliza, "Mama, hili gari limezeeka usiku?" Nikageuka. Bampa, kingo za matairi, ile plastiki ya chini ya waipa, vyote vimeota ndevu nyeupe. Nikaosha kwa sabuni, zikapotea. Plastiki ilipokauka, zikarudi.

Tangu nisimulie hayo napata ujumbe wa watu wenye ndevu hizohizo. Noah ya Tanga, Forester ya Arusha, Escudo ya kaka mmoja wa Mombasa aliyekata tamaa akanunua rangi nyeusi ya kupuliza afunike aibu. Kwa hiyo mwongozo huu hauulizi nta ipi inang'aa zaidi. Siku ya kwanza zote zinang'aa, hata mafuta ya nazi yanang'aa. Hauulizi harufu wala uzuri wa kopo. Unauliza jambo moja: ikigusa plastiki nyeusi, itaacha nini?

Kwanza tuelewane. Mafundi wetu wengi kila kitu cha kopo wanakiita polishi. Polishi inasugua, inakwangua tabaka la juu la rangi ili mikwaruzo ipungue. Nta haikwangui, inafunika. Kuna makopo yanayofanya yote mawili; yakiandika kwamba yanasafisha na kukinga kwa mpigo mmoja, ujue ndani kuna unga laini wa kusugulia. Unga huo ndio mwanzo wa ndevu. Nta ya kopo ina kiyeyushi kinachoilainisha ipakike. Kiyeyushi kikishapaa, nta na unga vinabaki. Kwenye rangi, ambayo ni nyororo kama kioo, taulo linavifuta. Plastiki ya bampa ina vishimo na vijimikunjo, vinazama humo na kukauka vyeupe, na maji hayavitoi kwa sababu nta kazi yake ni kuyafukuza maji. Plastiki ikilowa, weupe unajificha. Ikikauka, unakuchungulia tena.

Na hiyo "kanauba asilimia mia" ni hadithi ya dukani. Kanauba ni nta ya majani ya mti wa jamii ya michikichi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Majani hukaushwa na kupigwa hadi nta idondoke kama unga. Ikiwa tupu ni ngumu ajabu, haiyeyuki mpaka nyuzijoto 80 na kitu. Ungeuziwa tupu usingeweza kuipaka popote, labda uwarushie kunguru. Na kwa kunguru wa Dar es Salaam ningekuelewa: kinyesi chao kikipigwa jua la saa saba juu ya boneti isiyo na nta, kinachora ramani isiyofutika.

Turudi kwenye kupima. Niliomba kwa fundi wangu kipande cha bampa iliyovunjika, cheusi, chenye vinyweleo kama ngozi ya nanasi, kinaingia kwenye mkoba. Nimekizungusha kwa marafiki, kwa mafundi, na kwenye maduka machache yaliyokubali. Unapaka kidogo, unasubiri dakika kumi, unafuta, unaosha, unaacha kikauke. Hapo ndipo kopo linasema ukweli.

Ya kwanza, na sitaki mjadala, ni Meguiar's Ultimate Paste Wax. Hii haina kanauba kabisa, ni nta ya kutengenezwa kiwandani, na watengenezaji wake wanatamba waziwazi kwamba haiachi weupe kwenye plastiki. Kwenye kipande changu imetimiza: nimeosha, nimekausha, nimekipeleka juani, hakuna ndevu. Inafutika kwa mkono mmoja, na hata boneti ikiwa na joto haigandi kama gundi. Meguiar's ni kampuni ya Marekani, ipo tangu 1901, na ndiyo, ninaipendelea, sijifichi. Ila kuwa makini na jina, kwa sababu ina makopo mengi yanayofanana. Wewe unataka lenye neno Ultimate. Gold Class ni nzuri kwa rangi lakini ina kanauba, na nta ya kanauba sitaki iguse bampa yangu tena. Ile iliyoandikwa Cleaner Wax ina kile kiunga, acha.

Ya pili ni Collinite 476S, nayo ya Marekani, kutoka Utica, New York. Kama gari lako ni Vitz au IST ambayo karibu kila kitu kimepakwa rangi ya bodi, ipandishe iwe ya kwanza. Ni ngumu, inakaa miezi, na kwa watu wa Kigamboni na Msasani wanaolaza magari kwenye upepo wa chumvi, huo ndio uchumi wenyewe. Lakini haina huruma. Ukiipaka nene ukaenda kunywa chai, utaifuta hadi bega likatike. Kwenye plastiki isikaribie. Ziba kila ukingo kwa tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi. Mimi uvivu wangu naujua, ndiyo maana ni ya pili.

Soft99 Fusso Coat ya Japani ina kopo la gramu 200, sponji yake ndani, na ahadi ya miezi kumi na miwili. Ipo ya rangi nyeupe na za mwanga, ipo ya rangi nzito. Angalia usibambikiwe isiyo yako. Nayo haitaki plastiki isiyopakwa rangi. Harufu yake ni kali, paka nje.

Makopo ya chini ya elfu ishirini yasiyo na jina la maana: nilishakueleza yaliyonipata. Turtle Wax ya kopo ni ya heshima kwa bei yake, ila tepu ni lazima.

Sasa wauzaji. Kopo moja, duka hili 95,000, hatua thelathini mbele 140,000. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa dola imepanda, kana kwamba dola imepanda upande mmoja tu wa barabara. Ukiomba kulifungua, "likifunguliwa umenunua." Sawa, basi litikise. Nta iliyokaa juani miaka kiyeyushi chake hupaa, inasinyaa na kuachana na kopo. Ukitikisa unasikia inagonga ndani kama korosho kwenye ganda. Ikigonga, rudisha. Mimi nimetikisa matano duka moja, matatu yakagonga, na bado yule kijana akaniambia hiyo sauti ndiyo dalili ya ugumu wa nta.

Kupaka hakuna siri. Osha, kausha, ingia kivulini bodi ikiwa baridi. Asubuhi kabla ya saa mbili ndiyo saa yake. Paka nyembamba kiasi cha kukaribia kutoiona, sehemu moja moja, boneti kwanza kisha mlango. Pitisha kidole: kikiacha njia safi isiyojipaka tena, futa kwa taulo la maikrofaiba. Kopo la gramu 200 likiisha kabla ya mwaka kwa gari moja, unapaka kama siagi kwenye mkate.

Na kama ndevu umeshaota, weka chini hiyo rangi ya kupuliza. Chukua spiriti na mswaki mlaini, sugua sehemu ndogo, futa kabla haijakauka, rudia. Bampa yangu ilinila Jumamosi mbili. Kwenye vidoa vidogo ufutio wa penseli unafanya kazi vizuri kuliko unavyodhani.

Yule aliyeniuzia kopo la kwanza nilimrudia na kipande changu cha bampa, nikamwonyesha. Akakitazama muda mrefu, akasema, "Dada, hapa ni duka, si maabara." Juzi nilipita tena na mkoba uleule. Kabla sijafika mlangoni akaniambia nta zimekwisha. Makopo yalikuwa yamepangwa nyuma ya kichwa chake mpaka darini.